JE, MCHEZO UNAWEZA KUAMSHA MKONO ULIOLALA?

Ndugu msomaji, katika avenyu yenu yuko mmoja. Zamani alikuwa krezeri hodari, ao mama wa kuuza unga sokoni, ao mwalimu wa shule. Leo anakaa nyuma ya nyumba tangu asubuhi. Mkono mmoja umelala juu ya paja, na mdomo umevutwa upande. Watu wanaokwenda kwenye mashimo ya dhahabu wanamsalimia mbiombio na kupita. Wengine hawamsalimii tena, kwa sababu hajibu vizuri. Watoto wanamwogopa. Jioni wanamwingiza ndani sawa na vile wanavyoingiza kiti.

Je, munamjua mtu wa namna hiyo? Huku kwetu Misisi tunasema, "Amepooza," ao, "Tansio imemupiga." Hopitalini wanasema AVC. Kiswahili cha vitabu kinasema kiharusi. Majina ni mengi, lakini ugonjwa ni ule ule mmoja.

Mwezi huu tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo ambalo jamaa nyingi hazilifikiri, ndilo mchezo. Hatusemi mpira wa miguu. Tunasema michezo ya kuketi: kisoro, dama, ludo, karata, na vipande vya mbao vya kupanga. Pengine utasema, "Mchungaji, mtu wetu amelala, na wewe unatuletea mambo ya watoto?" Tafadhali, soma mpaka mwisho, kisha uhukumu mwenyewe.

KICHWANI KULITOKEA NINI?

Krezeri aliye chini kabisa ya shimo anaelewa haraka jambo hili. Bomba la hewa likizibwa, hata kama juu kila kitu ni kizuri, chini watu wanakufa. Ubongo nao ni hivyo. Unaishi kwa damu inayopita katika mishipa midogo. Siku moja mshipa unazibwa na donge la damu, ao unapasuka na damu inamwagika ndani. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu inaanza kufa kwa dakika chache tu.

Upande wa kushoto wa ubongo unatawala mkono na mguu wa kuume. Upande wa kuume unatawala mkono na mguu wa kushoto. Kwa hiyo mtu anapooza upande mmoja tu. Maneno nayo, kwa watu wengi, yana makao yao upande wa kushoto. Hilo lilijulikana tangu mwaka wa 1861, wakati mganga mmoja wa Paris, Paul Broca, alipochunguza ubongo wa mgonjwa aliyeweza kutamka silabi moja tu, "tan". Mgonjwa yule alipokufa, Broca alikuta kwamba sehemu ya mbele ya upande wa kushoto imeharibika.

Kwa nini tunawaambia hayo? Kwa sababu jamaa nyingi zinafikiri kwamba mtu asiyesema amekuwa mjinga ao ameingiwa na pepo. Hapana. Mara nyingi anasikia, na anajua nani anampenda na nani amemchoka. Neno liko moyoni mwake, lakini njia ya kulifikisha mdomoni imekatika.

Na tuseme wazi: mtu huyu hakurogwa. Uchunguzi mkubwa unaoitwa INTERSTROKE, uliotolewa mwaka wa 2010, ulionyesha kwamba mambo 10 yanayojulikana yanachukua karibu 90 kwa mia ya hatari ya ugonjwa huu. La kwanza kabisa ni tansio. Wataalamu walihesabu pia kwamba, katika dunia nzima, mtu mzima mmoja kati ya wanne atapigwa na kiharusi siku moja ya maisha yake. Hata mtoto anaweza kupigwa, sana sana yule mwenye ugonjwa wa damu unaoitwa SS. Kama ingekuwa ni mchawi wa jirani, mchawi huyo angekuwa na kazi nyingi mno.

MKONO UNAJIFUNZA UPYA

Sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki. Lakini sehemu za jirani zinaweza kujifunza kazi yake. Namna gani? Kwa kurudilia. Munajua njia ya porini: mtu mmoja akipita mara moja, majani yanasimama tena. Watu wakipita kila siku, njia inafunguka. Mkono unaotaka kuamka unaomba kurudilia tendo moja mara mamia, siku baada ya siku.

Shida ni kwamba mgonjwa anao mkono mwingine ulio mzima. Anakula nao, anavaa nao, anajikuna nao. Mkono ule dhaifu unakaa bure, na kila siku inayopita unasahau zaidi. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Edward Taub, aliliona jambo hilo zamani, akafikiri: tukifunga mkono mzima, ule mwingine utalazimika kufanya kazi. Mwaka wa 2006 walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya watu 222 waliokuwa wamepigwa na kiharusi miezi 3 mpaka 9 mbele. Kundi moja walivalishwa glavu nzito kwenye mkono mzima kwa sehemu kubwa ya siku, muda wa wiki 2, na kuzoezwa mkono dhaifu. Hao walipata faida kuliko wenzao, na faida hiyo ilionekana hata mwaka mmoja kisha. Lakini mukumbuke: hao walikuwa watu ambao mkono wao uliweza bado kusogea kidogo. Na kufunga mkono mzima si jambo la kufanya nyumbani bila mtaalamu, kwani mtu anaweza kuanguka na asiweze kujishika.

Lakini funzo lake ni letu sote: mkono usiotumiwa unasahau.

Sasa, nani atakubali kufungua na kufunga vidole mara 200 kila asubuhi, akitazama ukuta? Siku ya kwanza atafanya. Siku ya tatu atachoka. Siku ya saba atasema, "Muniache." Hapo ndipo mchezo unaingia. Mtu anayecheza hahesabu mara ngapi amesogeza mkono. Anahesabu kete za mwenzake alizokula.

MCHEZO WENYE JINA LA KISWAHILI

Mwaka wa 2016 mganga Gustavo Saposnik wa Toronto, katika Canada, pamoja na wenzake, walitoa habari ya uchunguzi waliofanya katika nchi 4: Canada, Argentina, Peru na Thailand. Walichukua wagonjwa 141 waliopigwa na kiharusi muda usiopita miezi 3, wenye mkono dhaifu. Kundi moja walipewa mashine ya michezo inayoitwa Wii, ile ya kuchezwa mbele ya televizyo. Kundi la pili walipewa michezo ya bei ndogo: karata, bingo, mpira wa kurusha, na mchezo wa vipande vya mbao unaoitwa Jenga. Makundi yote mawili walicheza mara 10 katika wiki 2, saa moja kila mara.

Matokeo yalikuwa nini? Makundi yote mawili yaliendelea vizuri. Mashine haikushinda karata na vipande vya mbao hata kidogo. Tuseme kweli: wagonjwa wote walikuwa wanapata pia matunzo ya kawaida ya hopitali, na mwili wenyewe unapona kiasi katika miezi ya kwanza. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mchezo peke yake uliwaponya. Lakini tunaweza kusema hili: kama huna mashine ya matajiri, hukukosa kitu kikubwa. Ulicho nacho mezani kinaweza kufanya kazi ile ile.

Na huo mchezo wa Jenga, munajua jina lake limetoka wapi? Limetoka kwetu. Mama mmoja Mwingereza, Leslie Scott, aliyekulia Afrika Mashariki na kusema Kiswahili, aliutoa kwa watu mara ya kwanza huko London mwaka wa 1983. Jamaa yake ilikuwa imeucheza nchini Ghana kwa vipande vya mbao vilivyotoka kwenye kiwanda cha kupasulia mbao. Alipotafuta jina, alichagua neno la Kiswahili: jenga. Leo mchezo huo unachezwa katika dunia nzima, na wengi hawajui maana ya neno hilo. Sisi tunaijua. Aliyeanguka anajengwa, kipande kwa kipande.

Seremala yeyote wa Misisi ao Lubichako anaweza kuutengeneza. Vipande ni 54, na vyote ni sawasawa. Urefu wa kipande ni mara tatu ya upana wake. Sentimeta 7 na nusu kwa 2 na nusu zinafaa, na unene sentimeta 1 na nusu. Avilainishe kwa karatasi ya msasa. Munapanga vitatu vitatu, kila safu ikikata ile ya chini, mpaka safu 18. Kisha kila mchezaji anachomoa kimoja chini na kukiweka juu, mpaka mnara uanguke. Mgonjwa ambaye bado hawezi kuchomoa, apange tu.

MICHEZO YETU WENYEWE

Musifikiri kwamba michezo ya namna hii ililetwa na Wazungu. Kule Kasai, Wakuba wanamkumbuka mfalme wao Shyaam a-Mbul a-Ngoong, wa karne ya 17. Katika sanamu yake, ambayo tangu 1909 iko katika nyumba ya makumbusho ya Uingereza, British Museum, mbele ya miguu yake kumechongwa ubao wa mchezo wa kupanda mbegu. Masimulizi yanasema ndiye aliyewaletea watu wake mchezo huo. Rwanda wanauita igisoro, Uganda omweso, na Watanzania bao. Wengi wa Fizi waliokimbilia ng'ambo ya ziwa tangu 1996, katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, walifika katika nchi ambayo wazee wanacheza bao chini ya mti. Mwalimu Nyerere mwenyewe alijulikana kuwa mpenzi wa bao.

Ubao mkubwa una safu 4 za mashimo 8, ndiyo kusema mashimo 32, na mbegu 64. Huna ubao? Chimba mashimo katika udongo mgumu wa uwanja, ao tumia kartoni ya mayai. Huna mbegu? Okota vijiwe laini. Sasa tazama vile mchezo huo unavyofanya mkono utumike. Mchezaji anachota mbegu zote za shimo moja, anazishika kiganjani, kisha anaziachilia moja moja, shimo kwa shimo. Kushika zote na kuachilia moja! Hiyo ni kazi ya vidole sawa na ya negosia anapochagua chembe ya dhahabu kwenye mizani. Na wakati ule ule akili inahesabu: mbegu hizi zitaishia wapi? Mwenzangu atanifanya nini kisha hapo?

Dama ni mchezo mwingine mzuri. Munachora ubao juu ya kartoni, na vifuniko vya chupa za Fanta vinakuwa kete. Vya upande mmoja vinatazama juu, vya upande mwingine vinatazama chini. Dama inafundisha kungoja, kuona hatari mbele, na kukumbuka kanuni. Hayo ndiyo yanayoharibika mara nyingi kisha kiharusi: mtu anaanza jambo na kulisahau katikati, ao anafanya haraka bila kufikiri.

Ludo inafaa kwa mwenye shida ya kusema, kwa maana anaitaja namba ya dadu kwa sauti kabla ya kusogeza. Karata zinazoezesha mkono kushika vitu vyembamba na jicho kutambua mfano na rangi. Kwa hiyo chagueni mchezo ambao mgonjwa alikuwa anaujua zamani. Akili inapenda kurudi kwa njia inayoijua.

NAMNA YA KUFANYA

1. Kwanza hopitali. Siku za mwanzo si za kucheza. Uchunguzi mkubwa wa mwaka wa 2015, juu ya wagonjwa zaidi ya 2000, ulionyesha kwamba kumwinua na kumfanyisha mazoezi mengi sana katika saa 24 za kwanza kunaweza kumdhuru. Ngojeni mganga aseme kwamba tansio imetulia na mgonjwa anaweza kukaa. Kama kuna mtaalamu wa kunyoosha viungo, yule wanayemwita kine, mumwulize. Bukavu kituo cha Heri Kwetu kimejulikana kwa miaka mingi kwa kuwasaidia walemavu. Lakini tunajua njia ya kutoka huku ni ndefu, na vita imeifunga mara nyingi. Kwa hiyo mumwulize infirmie wa karibu, kisha muanze na kile mulicho nacho.

2. Makao. Akae kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote miwili chini. Meza ifike kwenye kiwiko, na mkono dhaifu ulale juu ya meza, usining'inie. Musimvute hata siku moja kwa mkono ule mnapomwinua. Bega la mtu aliyepooza linaweza kutoka mahali pake, na maumivu yake yatamfanya achukie mazoezi yote.

3. Kutoka kubwa kwenda ndogo. Kama mkono hausogei kabisa, mkono mzima ushike ule dhaifu, na yote miwili isukume kete kubwa pamoja. Ukianza kusogea, apewe vipande vya mbao. Kisha vifuniko. Kisha mbegu kubwa moja moja, kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Mwisho ndipo achote mbegu tano na kuziachilia moja moja. Hatua hizo zinaweza kuchukua miezi. Wengine watabaki kwenye hatua ya pili, na hata hiyo ina maana, kwani mkono unaoshika sahani wakati ule mwingine unakula ni msaada mkubwa.

4. Muda. Anzeni na dakika 10 ao 15, mara mbili kwa siku, asubuhi akiwa na nguvu. Kisha ongezeni polepole. Kiharusi kinaleta uchovu mwingi kuliko vile munavyoona kwa macho. Akichoka, acheni bila kumgombeza. Lakini kesho murudi. Kidogo cha kila siku kinashinda kingi cha siku ya posho peke yake.

5. Upande uliosahauliwa. Kuna wagonjwa, sana sana wale waliopooza upande wa kushoto, ambao hawaoni vitu vya upande ule. Anakula nusu ya sahani na kuacha nusu. Kwenye dama anaacha kete zake za kushoto kama vile si zake. Hafanyi ukaidi. Wekeni kitambaa chekundu kwenye ukingo wa kushoto wa ubao, na kila zamu mumwambie, "Baba, tafuta kwanza chekundu, kisha ucheze."

6. Maneno. Musimalizie maneno yake haraka. Hesabuni pamoja naye kwa sauti: moja, mbili, tatu. Ulizeni maswali ya kujibu ndiyo ao hapana. Wengine wasioweza kusema wanaweza bado kuimba wimbo wanaoujua tangu utoto. Basi wakati wa kupanga kete, imbeni.

7. Usalama. Mtu aliyepooza mdomo anaweza kukabwa na mbegu, na mtoto mdogo pia. Hesabuni mbegu mbele na kisha mchezo. Vifuniko vya chupa za zebaki ao za asidi hapana, hata mukivisafisha mara kumi.

8. Daftari. Andikeni tarehe, na mbegu ngapi alizihamisha kwa dakika moja. Leo 4, wiki ijayo 6, mwezi ujao pengine 11. Mgonjwa haoni maendeleo yake mwenyewe, kwa sababu yanakuja polepole kama mwanga wa asubuhi. Daftari litamwonyesha.

PESA MEZANI HAPANA

Tunajua kwa nini wazee wengi wa kanisa hawapendi kuona karata. Katika kambi za dhahabu karata zimebomoa nyumba nyingi. Kijana anatumika wiki nzima shimoni, na usiku mmoja anaacha yote mezani. Mama anangoja pesa ya unga, na unga hauji. Wazee hawana kosa kuogopa.

Lakini tutofautishe. Ubaya haukai katika kipande cha mbao wala katika kifuniko cha Fanta. Unakaa katika tamaa ya kuchukua cha mwenzako bila kazi. Kwa hiyo wekeni kanuni tatu za nyumba, na muziandike ukutani: hakuna pesa, hakuna dhahabu, hakuna pombe. Mchezo wenye kanuni hizo, mchana, mbele ya watu wote, kwa ajili ya mgonjwa, hauna cha kuficha. Na kama katika kanisa lenu karata zinawakwaza wengi, acheni karata. Kisoro na dama vitatosha.

ANAYESAHAULIWA BADO YUKO

Kuna jambo lingine, nalo ni zito kuliko mkono. Karibu mtu mmoja kati ya watatu waliopigwa na kiharusi anaingia katika huzuni kubwa, ile ya kukosa hamu ya kula na ya kuishi. Wengine wanalia ao kucheka bila sababu, kwa maana ubongo umeumia. Sasa uongeze juu ya hayo vile sisi tunavyowatendea. Wenzake wa shimo wanagawana sehemu yake bila kumwuliza. Ndugu zake wanazungumza juu ya kiwanja chake akiwa ameketi palepale, kama vile amekwisha kuzikwa. Mtoto wa kike anatolewa shuleni kumlinda. Mama mwenye nyumba anabeba yote peke yake, mchana na usiku, mpaka naye anapata ugonjwa.

Mchezo wa dakika 20 unafanya nini hapo? Unamrudisha mtu mezani. Baba aliyemshinda kijana wake kwenye dama, nani atasema tena kwamba akili yake imekwisha? Hata akishindwa, alikuwa mchezaji, na zamu yake iliheshimiwa. Tena, kila mtoto wa nyumba akichukua zamu yake ya dakika 20, mama anapata saa moja ya kupumzika, na msichana anarudi shuleni. Tunawaomba wake kwa waume: gawaneni zamu. Ulinzi wa mgonjwa si kazi ya mtu mmoja.

Na musimwachie kushinda kwa makusudi. Anajua. Mzee aliyefundisha wengine kisoro hataki huruma ya namna hiyo. Mukitaka kumsaidia, mumpe kete mbili zaidi mwanzoni, naye ajue, kisha mucheze kweli.

MCHEZO HAUPUNGUZI TANSIO

Ndugu, usiache dawa kwa sababu mkono umeanza kushika mbegu. Aliyepigwa mara moja anaweza kupigwa tena, na mara ya pili inaweza kuwa ya mwisho. Tansio ipimwe kwenye kituo cha afya kila mwezi. Ikifika 140 juu ya 90 ao kupita, mganga aambiwe. Dawa ya tansio si ya kunywa mpaka kichwa kiache kuuma. Ni ya kila siku. Chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima isipite gramu 5, ndiyo kusema kijiko kidogo kimoja, na ndani yake muhesabu chumvi ya sombe, ya samaki wakavu na ya kibe ya dukani. Pombe kali ya kambini na tumbaku ni maadui wa mishipa.

Kila mmoja wenu, hata mtoto wa miaka 10, ashike kichwani alama hizi. Uso: mwambie acheke, je, mdomo unakwenda upande? Mikono: mwambie ainue yote miwili, je, mmoja unaanguka? Maneno: mwambie arudilie jambo fupi, je, anasema bila kueleweka? Ukiona moja tu ya hizo, tazama saa na umpeleke hopitali mara moja. Usimpe maji wala chakula, kwani anaweza kukabwa. Usimpe aspirini, kwani hujui kama mshipa umezibwa ao umepasuka. Usimchanje. Usimweke kwanza siku tatu katika chumba cha maombi. Muombe mukiwa njiani. Mungu anasikia hata juu ya pikipiki.

KWA VIJANA

Vijana wa kwaya na wa shule ya Siku ya Mungu, makala hii sana sana ni yenu. Nyinyi munazo nguvu, munao muda wa jioni, na munapenda kucheza. Fanyeni hivi mwezi huu. Tafuteni katika avenyu yenu wale waliopooza. Ombeni ruhusa kwa jamaa, na mumwulize infirmie kama mgonjwa anaweza kuanza. Mmoja achonge ubao, mwingine akusanye vifuniko, mwingine anunue daftari. Wawili wawili, mara tatu kwa wiki, muende mucheze naye nusu saa. Musiende kumhubiri mtu asiyeweza kujibu. Kaeni, mucheze, mungoje zamu yake hata ikichukua dakika tano.

Hatuwaahidi kwamba kila mkono utaamka. Mingine haitaamka, hata mukifanya yote vizuri, na katika hilo mgonjwa hana kosa wala imani yake haina kosa. Lakini hakuna aliyepona kwa kuketi nyuma ya nyumba akitazama ukuta.

Basi, kesho jioni, chukueni kartoni na vifuniko 24, na mubishe hodi kwa yule muliyemfikiria muliposoma mstari wa kwanza. Mukaribie naye, mupange kete, na mumwambie, "Mzee, anza wewe."